Dawa ya Mchina na Mikono ya Mama

Watu wa Majengo ya Embu wana kisa kimoja kuhusu mama yangu, na kila wakikisimulia wanakikosea. Husema kwamba Mwanarusi, mke wa Omar mchinjaji, alikunywa dawa ya Mchina mbele ya askari wa homgadi, akatetemeka mpaka bakuli likamponyoka, na Mzungu akashindwa kujizuia kucheka. Hapo wasikilizaji nao huangua kicheko. Nimekisikia kicheko hicho kwenye harusi na hata kwenye matanga. Mimi ndiye mtoto wake wa mwisho, jina langu Mwanamisi, na leo nasema kisa hiki hakichekeshi hata kidogo. Mama mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kukicheka, na kwa nini alifanya hivyo sikujua mpaka macho yake yalipokuwa yamekwisha.

Kwanza nimweleze yeye. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyefika Embu na mizigo ya Waingereza kichwani, akachoka kubeba, akaoa Mmbeere aliyesilimu. Mama akazaliwa na lugha tatu mdomoni na zote alizitumia kugombana. Shule ya misheni hakuiona. Alisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu, akajua herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo aliandika Kiswahili kwa kasi kuliko makarani wa boma. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na katika Embu nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kuosha matumbo ya mbuzi yakawa meupe kama ya kwake. Baba alichinja na kuuza nyama. Yeye aliuza vichwa, miguu na matumbo. Kila aliyenunua alipewa na neno la kuondoka nalo, apende asipende.

Mimi aliniita Mwanamisi, jina la msichana aliyezaliwa Alhamisi, ingawa nilizaliwa Jumanne. Watoto wa chuoni walinitania kwamba hata siku yangu nilichelewa kufika. Nilipomuuliza mama, alisema jina ni jina, niende nikachote maji.

Sasa mwaka wa hamsini na saba. Hali ya Hatari ilikuwa imeingia mwaka wa tano na watu walikuwa wamezoea kuishi kwa karatasi: karatasi ya kutembea, karatasi ya kuuza, karatasi ya kulala kwa mtu. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa juu ya Embu wiki nzima bila kuondoka, ikaja homa ya mafua ambayo redio ilisema imetoka Asia. Mtu aliamka mzima asubuhi, jioni ikawa imemlaza. Majengo karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, na baba alianguka akiwa na kisu mkononi.

Mama alikuwa na kaka Mombasa, Ali, aliyefanya kazi kwa Mchina mmoja mnunuzi wa majongoo ya bahari. Mchina huyo alipoona homa imefika, aliwapa wafanyakazi wake dawa ya kwao, na Ali akapeleka pakiti mbili Embu kwa mkono wa dereva wa lori, pamoja na barua. Ndani ya karatasi yenye maandishi ya Kichina mlikuwa na vijiti vyembamba vyenye pingili, mfano wa ufagio uliokatwakatwa, vipande vya mzizi wa manjano uliokuwa mtamu ukiutafuna, na mbegu chungu. Barua ilieleza matumizi, na mama aliyakariri mbele yetu maisha yake yote kama mtu anayesoma sura: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja, ichemke kwa muda wa kusoma Yasini moja, usizidishe, inywe asubuhi tu, maana ukiinywa jioni utahesabu miti ya paa mpaka alfajiri, usiichanganye na chai kali, na mwenye moyo dhaifu asiiguse.

Mama alifuata barua. Baba akanywa, akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio kidogo, siku ya tatu akasimama. Tangu hapo mama aliiamini dawa ile kupita kiasi. Pakiti ya pili aliiweka.

Ng'ambo ya mto Rupingazi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, aliishi rafiki yake Rwamba. Walijuana tangu Rwamba alipokuwa akileta kuni Majengo na kurudi na miguu ya mbuzi. Lakini sasa Rwamba alikaa ndani ya kijiji, na nasema kijiji kwa sababu ndivyo serikali ilivyokiita. Watu walitolewa mashambani, nyumba zao zikatiwa moto, wakapangwa mistari mistari ndani ya mzunguko wa handaki lililochomekwa vijiti vyenye ncha, na lango moja. Asubuhi lango lilifunguliwa wakafanye kazi ya lazima isiyo na malipo, saa kumi likafunguliwa wanawake wakateke maji na kuokota kuni, kisha likafungwa. Mgonjwa hakutoka kwenda hospitali bila karatasi. Mwenye kutoa karatasi alikuwa Munyi, mkuu wa homgadi, yaani wenyeji waliopewa bunduki wawalinde wenzao. Munyi hakuwa shetani. Alikuwa mwoga mwenye bunduki, na mimi naona hilo ni baya zaidi.

Mume wa Rwamba aliitwa Njagi. Alikuwa fundi wa mbao, na meza ya kukatia nyama ya baba aliichonga yeye. Alifungwa kambini miaka miwili, mwishowe akatapika kiapo, kama walivyokuwa wakisema: alikiri mbele ya kamati ya wazee kwamba alikula kiapo cha watu wa msituni waliopigana na Mwingereza, akakikana. Akarudishwa kijijini miezi mitatu kabla ya homa. Sasa Jumamosi moja ya mwezi ule alitakiwa kusimama tena mbele ya kamati, ashike Biblia, arudie maneno yake. Akikubaliwa, angepewa karatasi ya kufanya kazi mjini. Akitiliwa shaka, lori la Jumatatu lingemrudisha kambini, na kutoka kule mara ya pili watu hawakurudi upesi. Jumapili kabla ya wiki hiyo homa ikamwangusha.

Mama alikuwa na ruhusa ya kufika langoni Jumatatu na Jumatano kuuza vichwa na matumbo, kwa kuwa baba ndiye aliyewauzia homgadi nyama. Jumatatu Rwamba akamnong'oneza juu ya karai kwamba mumewe hawezi kusimama, na kwamba asiposimama Jumamosi watasema amejificha. Akaomba ile dawa iliyomwinua Omar.

Kuingiza dawa ndani ya handaki lile bila kibali lilikuwa kosa. Dawa iliyopita langoni ilihesabiwa kuwa dawa ya watu wa msituni, na mtu mmoja wa Majengo alikuwa amekwisha kufungwa miaka miwili kwa chupa ya kupaka vidonda. Mama alijua. Jumatano alichukua nusu ya ile pakiti, akaifunga kwa kitambaa, akaisokomeza ndani ya mdomo wa kichwa cha mbuzi kutoka Kiritiri, akafunga taya kwa uzi. Homgadi akakiinua kichwa kile kwa pembe, akakigeuza, akakirudisha. Mama akamwambia kama anatafuta meno, mbuzi huyu anayo mengi kuliko yeye.

Sasa kosa. Rwamba akaja kukinunua kichwa kile, homgadi yuko hatua tatu, mama hawezi kueleza. Habari ya Yasini isingemsaidia Rwamba, Mkristo wa misheni asiyejua Yasini ni ndefu kiasi gani. Alimwambia tu aichemshe, lakini kidogo. Rwamba alisikia achemshe. Na Waembu wanajua jinsi dawa inavyochemshwa: mizizi hutiwa kwenye supu ya mifupa na hukaa motoni mpaka mifupa isalimu amri. Kumpa mgonjwa dawa iliyopitishwa motoni haraka ni kumdharau. Basi Alhamisi alfajiri Rwamba alitia dawa yote chunguni pamoja na kichwa na miguu, akakusudia kuiondoa adhuhuri. Siku hiyo ukingo wa handaki ulikuwa umeporomoka kwa manyunyu, na wanawake wote walishikwa kazini mpaka jioni bila ruhusa ya kurudi. Chungu kikakaa juu ya kuni za mkaratusi tangu alfajiri mpaka jua linatua. Kilichobaki kilikuwa cheusi na kizito.

Njagi alikunywa mabakuli mawili usiku huo, mawili Ijumaa, na moja Jumamosi asubuhi. Homa ilimwacha, hilo ni kweli. Lakini hakupata lepe la usingizi siku mbili, moyo ulimpiga mpaka Rwamba akauona ukicheza chini ya shati, mkojo ulimzuia, mdomo ulikauka, na mikono, ile mikono iliyoweza kuchonga mstari bila rula, ilitetemeka asiweze kufunga vifungo. Rwamba alimfungia yeye. Akafika mbele ya kamati, akapewa Biblia, Biblia ikacheza mikononi mwake mbele ya watu wote.

Kwa watu wa huko jambo hilo halikuhitaji maelezo. Kiapo humla anayekisemea uongo. Kila mtu alilelewa akijua hivyo, wa kanisani na asiye wa kanisani. Wazee wa kamati walitazamana. Munyi akasema Njagi alitapika nusu, nusu nyingine imebaki tumboni na sasa inamla. Wakamfungia kwenye chumba cha mabati katika kituo cha homgadi, wangoje lori.

Mama alipata habari mchana huohuo kutoka kwa homgadi aliyekuja dukani kununua maini, akisimulia kwa furaha. Mama akaacha karai. Saa kumi alikuwa mtoni Rupingazi, mahali wanawake wa kijiji walipoteka maji, akainama kando ya Rwamba kama aliyekuja kuosha matumbo. Rwamba akamweleza habari ya chungu. Mama alipouliza kama amewaambia ni dawa, Rwamba alitikisa kichwa.

"Nikisema ni dawa wataniuliza imetoka wapi," alisema, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa. "Mimi sitataja wewe, Mama Mbarak. Hata wakinichapa. Wewe uko na watoto."

Mama alisema maneno hayo yalimbana kuliko kama Rwamba angemtukana. Angemtukana angepata pa kukasirikia, akaenda zake. Sasa hakuwa na pa kwenda. Akinyamaza, Njagi anarudi kambini kwa ajili ya dawa aliyoileta yeye. Akisema, anafungwa yeye, na ruhusa ya nyama inapotea, na nyumba ina watoto wanne. Akisema kwa mdomo tu, nani atamwamini? Watasema anamlinda. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, ndivyo alivyokuwa akisema kila alipofika hapa, na ni mahali pekee katika kisa hiki ambapo hakufanya mzaha.

Nyumbani baba alimkatalia. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kesi ya Waembu na homgadi wao si yetu, sisi tumekaa katikati miaka mitano hatujaguswa kwa sababu hatukusema neno. Tena akamwambia jambo ambalo mume husema mara moja tu.

"Una mtoto tumboni, Mwanarusi. Miezi mitatu. Unataka kumpeleka jela?"

Jumapili baada ya swala ya alfajiri mama alitia nusu ya pakiti iliyobaki chunguni pamoja na mifupa, akauchochea moto kwa nguvu mpaka saa sita, ikawa nyeusi na nzito kama ya Njagi. Baba alitoka nyumbani asione. Mama akafunika chungu kwa jani la mgomba, akaweka kata ya nguo kichwani, akabeba chungu kile njia nzima, na siku hiyo haikuwa siku yake ya ruhusa.

Homgadi wa langoni walimpeleka kwa Munyi. Mama alisema yote: dawa, kaka yake, kichwa cha mbuzi, chungu kilichosahauliwa motoni. Akaweka karatasi ya Kichina mezani. Munyi aliigeuza juu chini, akaisukuma mbali kwa ncha ya kalamu. Hapo mama akasema yeye ni Mwislamu wa Majengo, hajala kiapo cha mtu yeyote, kila mtu anajua. Kwa hiyo na wamtazame. Akateka bakuli la kwanza akanywa, akateka la pili akanywa, akaketi kwenye benchi mbele yao na mikono juu ya magoti.

Walingoja. Alisema uchungu haukuwa mdomoni, ulikuwa kwenye kungoja. Baada ya muda akahisi uso umewaka, kisha moyo ukaanza kukimbia peke yake, bila yeye. Jasho likatoka kwenye shingo. Mikono ikaanza vidoleni. Munyi akamwambia ashike bakuli, akalishika, likamponyoka likavunjika. Mama akatabasamu. Alidhani amemaliza kazi.

Munyi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Kumbe hata nyinyi," alisema. "Hata nyinyi wa Majengo mmelishwa."

Akaamuru mama naye afungwe. Mimi kila nikifika hapo damu huchemka. Mtu analeta ushahidi mikononi, na ushahidi uleule unafanywa kamba ya kumfungia. Ungemweleza nini mtu huyo?

Chumba cha mabati kiligawanywa kwa mbao. Upande mmoja Njagi, upande mmoja mama. Na chungu walikiacha ndani pamoja naye, kwa kuwa hakuna homgadi aliyethubutu kukigusa; walikiona ni chungu cha kiapo. Sakafu ilikuwa udongo wenye maji. Mama hakuweza kukaa wala kulala. Alitembea hatua nne kwenda, nne kurudi, moyo ukimgonga mpaka masikioni.

Njagi akauliza kupitia mbao ni nani. Mama akajitaja.

"Umefuata nini huku, Mama Mbarak?"

"Mikono yako. Ikoje?"

Njagi akasema imeanza kutulia. Tangu Jumamosi asubuhi hakuwa amekunywa kitu ila maji. Usiku uliotangulia alikuwa amelala kidogo, na mkojo umefunguka. Akaongeza kwamba aliyeziunga mbao hizi za katikati hajui kazi, angalia nyufa zake. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndipo akaelewa. Njagi ataletwa mbele ya Mzungu wa wilaya, anayekuja na lori Jumatatu, akiwa ametulia, na Munyi atasema amejikaza. Kinachohitajika ni Mzungu aone mikono ya watu wawili pamoja: iliyoacha dawa imetulia, iliyokunywa dawa inatetemeka. Lakini alfajiri ya Jumatatu mikono yake mwenyewe ilianza kupoa. Alisema hajawahi kuogopa kitu kama alivyoogopa kupona asubuhi ile. Chungu kilikuwa palepale, supu imeganda. Akateka kwa kiganja, akanywa. Lori liliposikika linapanda mlima, akateka tena.

Mzungu wa wilaya alikuwa kijana mwenye mafua yeye mwenyewe. Kabla ya Kenya alikuwa amefanya kazi Malaya, kwenye Wachina wengi, na hilo ndilo lililookoa mambo, maana alipoiona karatasi ile hakuishika kwa ncha ya kalamu. Aliinusa, akauliza maswali matatu. Akampa Njagi penseli na ubao, akamwambia apige mstari. Njagi akapiga mstari ulionyooka toka ukingo hata ukingo. Akampa mama penseli ileile. Mama akapiga kitu ambacho Mzungu alikitazama, akacheka. Ni kweli alicheka. Kisha akamwambia Munyi amrudishe fundi nyumbani kwake, na kamati impe karatasi yake.

Kwa mama alisema sheria ni sheria. Dawa ilipita langoni bila kibali. Miezi minne, na ruhusa ya nyama ya Omar ikafutwa. Lori lilikuja kuchukua mtu mmoja, likaondoka na mtu mmoja. Rwamba alisimama mlangoni pa nyumba yake na watoto wake, na kwa amri ya Munyi hakuruhusiwa kusogea.

Siku ya tatu jela mimba ikatoka. Baba alisema ni lori, barabara ile ilikuwa na mashimo. Wanawake wa Majengo walisema ni ile sakafu ya maji. Mama alisema ni Mungu, na mazungumzo yakafungwa. Alipotoka alikuwa amekonda na mwenye haraka. Njagi alimletea sanduku la mti wa mvule alilolitengeneza kwa mkono, pembe zake zimeungana usione mahali pa kuungia. Baba, kwa kukosa ruhusa, aliuza nyama ya mbuzi wa Kiritiri kwa mafungu madogo mpaka Uhuru ulipokaribia. Mimi nikazaliwa mwaka wa sitini. Na mama akaanza kukisimulia kisa, kidogo kidogo, na mzaha mwingi: Munyi kugonga ukuta, bakuli kuvunjika, mstari wake uliopinda. Watu wakacheka, na wanaocheka hawaulizi zaidi.

Macho yake yalipoziba nilikuwa mimi tu nyumbani. Baba alikuwa amekufa, Ali amekufa, na Rwamba alikuwa akija Jumapili baada ya kanisa, wanakaa wawili bila maneno mengi. Siku moja mama aliniambia nifungue sanduku la Njagi, nimsomee barua za kaka yake, anataka kumsikia. Ni mimi peke yangu katika watoto niliyeweza herufi zile. Nilisoma barua ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa ya mwezi wa saba, hamsini na saba.

Kijiko kimoja kwa kikombe kimoja. Yasini moja. Asubuhi tu. Mama alikuwa akisema pamoja nami kwa midomo. Usichanganye na chai kali. Mwenye moyo dhaifu asiiguse. Kisha ukafuata mstari ambao yeye hakuwahi kuukariri mbele yetu. Ali aliuandika kwa wino mzito kuliko mingine: na wewe, dada yangu, katika hali yako hiyo, usiionje hata tone, Mchina amenikamata mkono akinieleza hivyo, mwenye mimba asiionje.

Niliacha kusoma. Mama akageuza uso wake kwangu.

"Umefika hapo," alisema. "Soma tu. Mimi niliusoma siku ileile ilipofika."

Nikasoma kwa sauti. Nikamuuliza kama baba alijua.

"Baba yako alikuwa mgonjwa, nilimsomea yaliyomhusu. Endelea. Hujamaliza."

Ilibaki mistari miwili. Ali aliwasalimia wote wa nyumbani kwa majina, na akaomba kwamba huyo aliye tumboni, akiwa wa kike, aitwe Mwanamisi, jina la mama yao.

Niliishika barua ile magotini. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni kwa nani: kwa Munyi, kwa handaki, kwa Njagi aliyepiga mstari wake akarudi nyumbani, au kwa mwanamke huyu mfupi mwenye mabega mapana aliyeteka kwa kiganja chake akijua. Nililia mbele yake naye hakuona, ila alisikia. Alipapasa kitanda mpaka akaupata mkono wangu.

"Yule pia nilimtaka," alisema. "Usije ukadhani sikumtaka."

Nikaikunja barua, nikairudisha sandukuni, nikaenda kumwekea maji ya chai. Alikuwa akiinywa nyepesi, karibu maji matupu, tangu nilipopata akili.